Hameni, lakini mabegi makubwa yabaki Deira

Swali: "Shikamoo dada. Tunaishi Dodoma, mimi na baba watoto, watoto watatu (miaka 12, 8 na 3), na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua. Desemba tunakwenda Dubai, tutalala siku saba. Ni ahadi ya watoto ya tangu mwaka juzi, wanachotaka ni bustani za michezo, hasa zile za Kisiwa cha Yas upande wa Abu Dhabi. Baba watoto anataka tukae hoteli moja ya Deira, palepale Dubai, safari nzima, kwa sababu ni nafuu na ndugu zetu wanaokwenda kununua mzigo hufikia huko. Mimi naona tuanze Deira halafu tuhamie Yas. Yeye anasema kuhamahama na watoto na mama yake ni kujitafutia adhabu. Nani kati yetu yuko sahihi?"

Marahaba mdogo wangu. Ushauri wangu ni kwamba mhame. Siku tatu za katikati mkalale Yas, kisha mrudi Deira, hoteli ileile mliyoanzia. Ila mabegi makubwa yasihame kabisa. Mumeo ameona kitu cha kweli, tatizo ni kwamba amekilaumu kitanda kipya wakati mkosaji ni mzigo. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali hili huletwa kwangu kila mwaka ikifika Oktoba, na wengi wanaoniletea huwa wameshalipa.

Kabla hatujafika Dubai, tuanzie hapa nyumbani. Mtu wa Dar anapanga safari huku uwanja wa ndege uko mlangoni kwake. Sisi wa Dodoma tuna kipande cha ziada, na kipande hicho ndicho kinachosahaulika watu wanapohesabu familia itahama mara ngapi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, kufika Dar kumekuwa kazi ya kama saa nne, jambo ambalo zamani tuliliota tu tukiwa kwenye basi. Lakini ndege ya kimataifa haimsubiri mtu aliyechelewa na treni, na mimi siwashauri wenye watoto wadogo na mzee wapande treni asubuhi na ndege siku hiyohiyo. Mlale Dar usiku mmoja. Sasa hesabu pamoja nami, na uhesabu kama anavyohesabu yule mdogo wako wa miaka mitatu: kitanda cha Dar, kitanda cha Deira, na mkirudi pengine Dar tena. Hapo hamjagusa Yas, na mtoto ameshalala sehemu tatu ambazo si kwao.

Ndiyo maana mpango wangu unaanzia Dodoma. Fungeni mabegi ya aina mbili. Makubwa ni ya Dubai. Halafu kuna madogo, la mgongoni kwa kila mtu mzima na kwa yule wa miaka 12, yenye nguo za siku tatu, nguo za kulalia, nguo za kuogelea, kandambili na dawa. Dar mnalala kwa mabegi madogo tu, makubwa hayafunguliwi. Usiku huo ni mazoezi ya Yas. Kama kuna kitu mmesahau kukiweka kwenye begi dogo, mtakigundua Dar, duka lipo hatua mbili na lugha ni yenu.

Sasa kwa nini Deira peke yake haitoshi. Ramani ya kwenye simu huwadanganya watu, inaonyesha Dubai na Abu Dhabi kama majirani wa ukuta mmoja. Kutoka Deira hadi Kisiwa cha Yas ni kilomita zinazokaribia 130. Barabara ni nzuri, ina njia nyingi, na pasipo foleni ni saa moja na nusu hivi. Kwa kipimo chetu ni kama kutoka Dodoma mjini hadi Gairo. Hebu jiulize: ungempeleka mtoto wa miaka mitatu Gairo akacheze, umrudishe Dodoma alale, kesho asubuhi umpeleke tena Gairo, na keshokutwa vilevile? Na bibi mwenye magoti mabovu akiwa kiti cha nyuma, miguu imekunjwa?

Gharama nayo ina lake la kusema. Teksi ya kawaida ya Dubai inabeba abiria wanne, na mtoto anahesabiwa kama abiria. Nyinyi ni sita. Maana yake ni teksi mbili, au gari kubwa la abiria saba. Kwa umbali huo mita ya teksi moja huanzia kwenye dirhamu 250 hivi na kupanda. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu zamani, dola moja ni dirhamu 3.67, kwa hiyo kinachokubadilikia ni shilingi yako tu. Chukua siku tatu za kwenda na kurudi, zidisha, halafu linganisha na tofauti ya bei kati ya chumba cha Deira na cha Yas. Familia nyingi nilizofanya nazo hesabu hii mezani ziligundua kuwa unafuu wa Deira ulikuwa unaishia barabarani. Mabasi ya umma kati ya Dubai na Abu Dhabi yapo na ni ya bei ndogo, lakini yanakupeleka Abu Dhabi mjini, na kutoka hapo unaanza kutafuta usafiri mwingine wa kukurudisha Yas. Kwa kijana mwenye begi moja, sawa. Kwa mama mkwe wako, hapana.

Lakini sababu kubwa kwangu si fedha, ni saa saba mchana. Nimeiona saa hiyo mara nyingi. Mtoto wa miaka mitatu ameamka alfajiri kwa furaha, amezunguka tangu bustani ilipofunguliwa, ameona taa, amesikia muziki, amepanda vigari. Ikifika saa saba anaanza kulia bila sababu. Anakataa juisi aliyoilia dakika tano zilizopita. Anakataa kigari, anataka kubebwa, akibebwa anataka chini. Anavua kiatu kimoja anakirusha. Wewe mama unajua ni usingizi tu. Mkiwa mnalala Yas, mmoja wenu anamchukua pamoja na bibi, wanapanda basi la bure linalozunguka kati ya hoteli za kisiwa na bustani, na baada ya muda mfupi mtoto yuko kitandani, pazia limeshushwa, bibi amenyoosha miguu. Wakubwa wanaendelea na michezo yao. Saa kumi wote mnakutana tena, mdogo ameamka, uso umeoshwa, anataka kuanza upya. Mkiwa mmetoka Deira, ama mnaondoka wote sita katikati ya siku mliyoilipia, ama mtoto analala begani mwa baba huku mkono unakufa ganzi na wa miaka 12 amenuna. Kulala karibu na bustani kunanunua huo usingizi wa mchana. Asiye na mtoto mdogo wala mzee anaweza asione thamani yake. Nyinyi mnao wote wawili.

Hapo sasa nimwendee shemeji yangu kwa heshima, maana hofu yake naifahamu kutoka kwenye mwili wangu mwenyewe. Safari ya kwanza niliyoipeleka familia yangu, nilihama hoteli na kila kitu. Mabegi saba. Tuliachia chumba cha kwanza asubuhi, tukafika hoteli ya pili mchana. Mapokezi wakatuambia vyumba hutolewa saa tisa alasiri. Saa tisa ikapita, ikaja saa kumi, vyumba bado vinasafishwa. Binti yangu alilala juu ya begi pale ukumbini, alipoamka shavu lilikuwa na alama ya zipu kutoka jichoni hadi kidevuni. Tulipoitwa hatimaye, wakaomba pasipoti za watu wote, hata za watoto. Za watoto zilikuwa ndani ya begi mojawapo kati ya yale saba, na yote yalishafungiwa stoo, nami sikukumbuka ni lipi. Yaliletwa yote, tukayafungua sakafuni mbele ya wageni wengine, nguo za ndani na unga wa uji wa mtoto vikiwa hadharani. Tiketi za bustani za siku ile nilikuwa nimeshazilipia. Hatukuzitumia.

Nilikaa nikaifikiria siku ile kwa muda mrefu, kwa sababu kazi yangu ni kusafirisha familia za watu na sikutaka mtu mwingine aipitie. Nikaona mambo mawili. La kwanza ni mzigo. La pili ni zile saa kati ya saa sita mchana, ambapo hoteli nyingi hutaka uachie chumba, na saa tisa alasiri, ambapo hoteli nyingi hukupa chumba. Kwa saa hizo tatu, na mara nyingine zaidi, familia haina nyumba. Haina choo chake, haina kitanda, haina mahali pa kumbadilishia mtoto. Ukizipangia saa hizo kazi ya kufanya, kuhama ni jambo dogo. Ukiziacha wazi, zitakula siku nzima. (Ukumbuke hoteli huandika 15:00, na Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Wekeni saa za simu sawa mkishatua, msije mkawa mnabishana mapokezini.)

Basi mpango wenyewe ni huu. Mfike Deira Jumamosi. Kama ndege yenu inatua usiku, Deira ni sahihi kabisa kwa kuanzia, uwanja wa ndege uko karibu, hakuna sababu ya kumburuza mtoto aliyelala kilomita 130 usiku wa manane. Jumapili mpumzike, mtembee taratibu, mpande abra, mashua ndogo ya abiria, kuvuka hori la Dubai Creek. Watoto wataipenda kuliko unavyodhani, na nauli yake ni ndogo mno. Msinunue kitu. Narudia, mdogo wangu, Jumapili msinunue kitu, hata kama mko jirani na soko la Naif na bei zinaita. Jumatatu mnakwenda Yas na mabegi madogo tu, makubwa yanabaki stoo ya hoteli ya Deira. Mnalala Yas Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi mnarudi Deira, mabegi yanawangoja, mnalala Alhamisi na Ijumaa, na hapo ndipo mnanunua. Jumamosi mnaondoka.

Kununua mwishoni kuna maana yake. Mzigo wa Dubai haupungui, unaongezeka tu. Mtu akinunua siku ya kwanza atabeba blanketi na sufuria hadi Yas na kuzirudisha. Akinunua siku mbili za mwisho, vitu vinatoka dukani hadi hotelini hadi uwanja wa ndege. Ijumaa anzeni baada ya swala, maana maduka mengi ya Deira hufungwa mchana ule kwa ajili ya swala. Na mnunue mzani mdogo wa kuning'iniza begi, wa bei ndogo tu, mpime chumbani badala ya kulia kaunta ya ndege.

Kwa nini Jumatatu hadi Alhamisi? Tangu Januari 2022 wikiendi ya kule ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku ya kazi. Wenyeji nao wana watoto. Ijumaa na Jumamosi hoteli za Yas hupanda bei na foleni za bustani hurefuka. Katikati ya wiki mnapata kisiwa kilichotulia. Angalieni pia tarehe. Mbio za magari za Formula 1 za Abu Dhabi hukimbizwa palepale Yas, mwaka 2024 zilikuwa tarehe 8 Desemba na mwaka 2025 tarehe 7 Desemba, na wiki hiyo chumba cha Yas ni cha mtu mwenye fedha ya kuchezea. Tarehe 2 na 3 Desemba ni sikukuu ya taifa lao. Kuanzia karibu na Krismasi hadi mwaka mpya bei inakwenda juu kila mahali. Shule zetu zikishafungwa, dirisha lenu ni zile siku za katikati ya Desemba, baada ya mbio za magari na kabla ya Krismasi. Kama likizo ya kazini bado hujaijaza, jaza kwa tarehe hizo.

Sasa siku zenyewe za kuhama. Jumatatu mwondoke Deira mkishakunywa chai, kama saa nne. Agizeni gari kubwa tangu jana yake, na mseme kuna mtoto wa miaka mitatu: sheria ya kule inataka mtoto wa chini ya miaka minne akae kwenye kiti chake maalumu cha gari, na gari la kuagiza linaweza kuja nacho. Mkifika Yas kabla ya saa sita, mapokezi watawaandikisha, watapokea mabegi madogo, watachukua namba ya simu wawapigie chumba kikiwa tayari. Hapo msitumie tiketi ya bei kubwa. Watu wengi hununua tiketi ya siku ya kuhama kwa tamaa ya kutopoteza siku, kisha wanaingia bustanini saa saba wamechoka. Nendeni bwawa la hoteli. Ndiyo maana nilisema nguo za kuogelea ziwe kwenye begi dogo, na zikae juu kabisa. Au nendeni Yas Mall, ina sehemu ya kula na imeungana na jengo la Ferrari World, watoto watalichungulia na kulala wakiliota. Jumanne na Jumatano ndizo siku za tiketi.

Kwa umri wa watoto wako ningechagua bustani mbili tu. Warner Bros. World, iliyofunguliwa 2018, yote iko ndani ya jengo lenye kiyoyozi, ina michezo ya wadogo, na bibi anapata pa kukaa. Ya pili mwachie wa miaka 12 achague kati ya Ferrari World na Yas Waterworld. Ferrari World ndiko kuliko na Formula Rossa, treni ya michezo inayokimbia kilomita 240 kwa saa, ila wanapima kimo cha mtoto kabla hajapanda, kwa hiyo mpimeni ukutani hapo nyumbani, mkilinganishe na kimo kinachotakiwa, asije akalilia mlangoni. Mkichagua maji, mwende mchana mapema. Desemba mchana ni nyuzi 25 hivi, inapendeza, lakini jua huzama kama saa kumi na moja na nusu na upepo unaanza. Baridi ya Dodoma ya mwezi wa sita mnaijua, fikiria uko nayo umelowa.

Alhamisi asubuhi hamna haraka. Achieni chumba saa tano, mabegi mapokezini, mtembee kidogo au mwogelee mara ya mwisho, mle, na gari liwachukue saa nane mchana. Msisubiri jioni, barabara ya kuingia Dubai jioni inajaa, na mtoto atalala kwenye gari muda usiofaa halafu usiku hamlali. Mkifika Deira, saa tisa imeshapita na chumba kiko tayari.

Kuhusu mabegi yanayobaki: yafungwe kwa kufuli, yawekewe vitambulisho, uyapige picha moja moja, na upewe risiti yenye idadi. Ndani yake kusibaki pasipoti, fedha, dhahabu, chaja wala dawa. Pasipoti zote sita zikae kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo ashike mtu mmoja kuanzia Dodoma hadi Dodoma. Kwenye familia yangu ni mimi. Kwenu chagueni, lakini awe mmoja.

Mama mkwe wako anahitaji aya yake. Unapobuki, ziandikie hoteli zote mbili kwamba kuna mzee mwenye matatizo ya magoti, na uombe chumba chenye bafu la kuogea umesimama, lisilo la hodhi. Hoteli nyingi kule bomba la mvua liko juu ya hodhi, na kuoga ni lazima upandishe mguu juu ya ukingo mrefu unaoteleza. Kwake hiyo ni hatari kuliko mteremko wowote wa bustanini. Omba pia vyumba viwe karibu na lifti, maana korido za hoteli kubwa ni ndefu. Bustani kubwa huwa na viti vya magurudumu vya kuazima au kukodi, chukueni hata kama atakataa mwanzoni. Kisha angalieni dawa zake za maumivu leo, msingoje. Tramadol na dawa zenye codeine, ambazo wazee wengi wenye magoti huandikiwa, kule zinadhibitiwa vikali, huingii nazo bila kibali cha mamlaka husika za kule kilichoombwa kabla ya safari. Mpelekeni kwa daktari wake hapa, amwandikie nyingine au awape barua ya kuombea kibali. Dawa zinazoruhusiwa ziwe kwenye pakiti zake za asili pamoja na karatasi ya daktari, na zikae begi dogo, si begi la stoo.

Kwenye malipo kuna mambo ambayo kuhama huyaongeza kweli. Hoteli mbili ni amana mbili. Ukifika, hoteli hushikilia kiasi fulani kama dhamana ya chumba. Ukitoa kadi yako ya benki ya kawaida, fedha hiyo huzuiwa kwenye akaunti na kurudi kwake kunaweza kuchukua siku nyingi, pengine mmesharudi Dodoma. Nimeona familia ikikwama Yas kwa sababu amana ya Deira bado haijarudi na salio limeisha. Uliza kama wanapokea amana kwa dirhamu taslimu, mkononi, kwa risiti, na urudishiwe siku ya kuachia chumba. Kwa hoteli ya Deira uliza zaidi: kwa kuwa mnarudi Alhamisi, je, amana ya kwanza mnarudishiwa Jumatatu au inabaki? Zote mbili sawa, mradi ujue. Halafu Dubai kuna tozo ya utalii kwa kila chumba kwa kila usiku, kati ya dirhamu 7 na 20 kufuatana na daraja la hoteli, nayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Abu Dhabi wana tozo zao. Waombe wakuandikie jumla ya mwisho.

Na mko sita, chumba kimoja hakiwatoshi popote. Ombeni vyumba viwili vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha, na msiridhike na jibu la "tutajaribu". Kwa Deira, hoteli za fleti zenye jiko dogo ni bora kwenu, mtapika wali jioni ya kufika na mdogo atakula kitu anachokijua.

Utasikia watu wakisema, kwa nini msiende hoteli ya Atlantis kule kisiwa cha Palm, Dubai, maana mgeni anayelala pale anaingia bustani ya maji ya Aquaventure bila kulipa tiketi, siku ya kufika na siku ya kuondoka pia, kwa hiyo usiku mmoja ni siku mbili za maji. Ni kweli, na kwa familia ya watu wanne wa chumba kimoja, wanaotaka maji tu, hesabu yake huweza kukubali. Kwenu ni vyumba viwili vya bei ya juu kwa ajili ya kitu ambacho bibi na mdogo hawatakitumia sana. Mimi nisingekwenda.

Na kama mngekuwa mnataka Yas siku moja tu, ningemuunga mkono mumeo bila kusita: kodini gari, mwende alfajiri, mrudi usiku, mlale kitanda kilekile. Kuhama kunaanza kulipa pale mnapotaka asubuhi mbili au zaidi za bustani. Nyinyi mnazo mbili kamili, pamoja na jioni ya Jumatatu na asubuhi ya Alhamisi.

Mwonyeshe mumeo sehemu ya mabegi kwanza, kabla ya kumwonyesha ya Yas. Nadhani atakachokiona ni kwamba mama yake hatabeba kitu. Kisha leo, kabla hamjalipa chochote, iandikie hoteli ya Deira mliyoichagua mambo mawili. Je, mtatutunzia mabegi bila malipo kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kwa kuwa tunarudi kwenu? Je, vyumba vya Alhamisi vitakuwa na mlango wa ndani na bafu lisilo na hodhi, sawa na vya kwanza? Wakijibu kwa maandishi kwamba ndiyo, lipa. Wakisema mtaona mkifika, tafuteni hoteli nyingine, Deira zipo mtaa kwa mtaa.